UZI: Mtu wa ADHD hapendi hatari, shida yake ni kungoja

Sista_Donholm

Wadau, hii itakuwa ndefu, kama uko ndani ya mathree na Jogoo Road imesimama basi umebahatika. Nataka tuongee ADHD, ile hali ya ubongo ya kutotulia na kushindwa kukaza akili, ya watu wazima, na si ile ya mtoto kupanda madirisha darasani. Naongelea mtu amesoma, ana kazi, watu wanamheshimu, anapokea mshahara asubuhi na kufika jioni nusu yake iko kwa mkeka wa kubeti na mkeka umechanika, ama anaandika barua ya kuacha kazi saa sita usiku juu bosi amemjibu vibaya kwa WhatsApp, halafu akiamka anajiuliza alikuwa anawaza nini. Watu wakiona hivyo wanasema anapenda hatari, ama hana adabu na pesa. Mimi nimefika mahali pa kukataa hayo maelezo yote mawili.

Ndugu yangu mdogo alipimwa akiwa tayari ni baba ya mtu, na tangu hapo nimesoma hii maneno kama mtahiniwa wa KCSE. Kilichonishtua kwanza ni utafiti wa zamani wa Uingereza, 1992, wa Edmund Sonuga-Barke na wenzake. Walichukua watoto wasiotulia wakawachezesha mchezo: chukua pointi kidogo saa hii, ama ngoja upate zaidi. Watoto wakachukua kidogo, vile mwalimu yeyote angetabiri. Halafu wakaupanga upya, hata ukichukua kidogo haraka bado utakaa pale mpaka muda uishe, yaani kukimbilia hakukuokolei chochote. Hapo wale watoto wakachagua kubwa sawa na wenzao. Hebu fikirieni. Walijua kubwa ni kubwa tangu mwanzo, ila walikuwa wanalipa ili wasingoje.

Ya pili ni ya 2016, watafiti wa Israel wakiwa na huyo huyo Sonuga-Barke, sasa kwa watu wazima. Waliwauliza watu kuhusu vitendo vya hatari, unaona hatari yake ni kiasi gani, faida yake kiasi gani, na wewe unaweza kufanya? Mwenye dalili nyingi za ADHD alikubali kirahisi zaidi, na kilichomvuta sana ni faida kuonekana tamu kuliko vile wengine wanaiona. Kwa hivyo ukimkalisha kijana sebuleni umhubirie lisaa lizima hatari za kubeti, unamfundisha kitu anakijua. Ndugu yangu anaweza kukuhubiria hayo mahubiri vizuri kuliko pasta.

Sasa hapa kwetu hiyo faida ya saa hii imeletwa mpaka mfukoni. Mnajua ule mchezo wa ndege kwa simu, ndege inapaa, namba inapanda, unabonyeza kutoa pesa kabla haijapotea, ikipotea umeliwa. Basi 2002 huko Marekani Carl Lejuez na wenzake walitengeneza mtihani wa puto kwa kompyuta: kila ukibonyeza pampu puto linavimba na unaongezewa senti, unaweza kusimama uchukue zako, likipasuka za puto hilo zimeenda. Ulikuwa wa kupima nani anasukuma bahati yake mpaka wapi. Mniambie tofauti ya hiyo na ndege ni gani, zaidi ya kwamba maabara inakulipa na ndege inakulipisha. Na raundi ni sekunde tu, hata zile dakika 90 za mpira za kukupa nafasi ya kujuta hazipo.

Ninachotaka kujua kwenu, mkiwa na mtu kama huyu nyumbani ama ni wewe mwenyewe, mnafanya nini? Sitaki maombi, maombi tumefanya.

Baba_Tisa

Sista, kwa heshima, hii ADHD ni maneno ya matajiri wa Runda. Sisi tumelelewa Eastlands hii hii, ukiruka darasani unachapwa, unatulia, maisha yanaendelea. Siku hizi kila kijana akikula pesa ya kodi anatafuta jina ya ugonjwa. Apewe majukumu abanwe atatulia.

Sista_Donholm

Mzee, kuchapwa alichapwa, na walimu na babangu na mimi pia nikiwa mkubwa wake, kama kiboko ingekuwa dawa yeye angekuwa askofu leo. Na majukumu anayo. Mtoto analipiwa karo, ila inalipwa kwa wiki ya mwisho na mkopo wa simu juu ya mkopo mwingine.

Nesi_wa_Zamu

Baba Tisa, wacha nikujibu nikiwa kwa chai. Haikuanza juzi na haiko Runda pekee. Tafiti za mapacha na familia zinaweka mchango wa kurithi karibu asilimia 74, hiyo ni karibu kama urefu wa mtu. Watu wazima wenye nayo wanakadiriwa kama asilimia 2.5. Na vigezo vya Wamarekani vya 2013, ambavyo madaktari wengi wanatumia, vinataka dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, kwa hivyo huwezi kuipata ukiwa na 30 juu Arsenal imekuangusha.

Hapo ndio nataka kila mtu asome vizuri kwa sababu tunaona mchanganyiko mwingi. Si kila mtu anamwaga pesa ni ADHD. Kama mtu alikuwa mtulivu maisha yake yote, halafu ghafla kwa wiki moja hivi halali na hachoki, anaongea mbio, ananunua shamba na gari na anaambia watu yeye ni mteule, huyo mpeleke hospitali haraka, inaweza kuwa mania ya baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na hiyo huja na kuondoka. ADHD haiendi likizo, mtu ako nayo vile vile tangu darasa la pili. Pombe pia inaweza kuleta picha kama ya ADHD, na msongo wa mawazo, na kukosa usingizi.

Na si jambo la kuchekelea. Denmark walifuatilia rekodi za watu karibu milioni 2, matokeo yakatoka 2015. Wenye ADHD walikuwa wanakufa mapema kwa kiwango kama mara mbili ya wasio nayo, na ajali ndizo zilikuwa zinaongoza. Msiogope kupita kiasi, walikuwa 107 kwa zaidi ya 32,000, bado ni wachache. Lakini ajali. Si malaria, si presha.

Nduthi_na_Mungu

Nesi umegusa ajali sasa wacha mwenyewe niongee. Mimi ni wa nduthi, bodaboda, nilipimwa baada ya bibi kuchoka na mimi na kunipeleka karibu kwa sikio. Watu wanadhani mtu wa ADHD kwa barabara ni kifo, na mimi nikuambie kwa barabara ndio niko na akili kuliko mahali popote, ofisi nilikuwa nalala, huku kila sekunde kuna kitu, mathree inaingia bila indiketa, mama anavuka na gunia, kichwa kinatulia walahi. Kinachoniweka taabani ni kusimama. Raundabauti ya Haile Selassie askari ameshika upande wetu, hakuna kitu inaendelea, mguu uko chini lakini roho haiko, na hapo ndipo napanda kerbu ama napitia upande wa wanaokuja. Sijawahi kufanya ujinga nikiwa mbio, nimekuwa nikifanya ujinga nikingojeshwa. Kwa hivyo Sista uliposema kungoja nimeruka kwa kiti.

Pia mteja akichelewa kushuka na mzigo, dakika tatu tu, mkono unaenda kwa simu na kwa simu kuna ndege. Ndege yangu yote niliicheza nikingoja watu wa ghorofa ya tano.

Nesi_wa_Zamu

@Nduthi_na_Mungu na dawa uko nayo? Sikuulizi ujibu hapa, nauliza tu ujiulize. Kuna kazi ya Sweden ya 2014, walifuatilia zaidi ya watu 17,000 wenye ADHD, na wanaume wakiwa kwa dawa hatari ya ajali mbaya za barabarani ilikuwa chini kwa asilimia 58 ikilinganishwa na vipindi hawakuwa kwa dawa. Kwa wanawake wa Sweden haikuonekana vizuri, lakini 2017 Marekani wakachukua wagonjwa milioni 2.3 na huko miezi ya dawa wanaume walishuka asilimia 38 na wanawake 42. Uzuri wake ni kwamba mtu analinganishwa na yeye mwenyewe, mwezi na mwezi, si yeye na jirani mtulivu.

Omoka_Leo

Nyinyi mnaongea kama huu ni msiba. Nani alijenga Gikomba? Nani anaacha kazi ya benki anaenda Dubai kuleta simu? Ni hao hao wasiongoja. Ukiwa mtu wa kufikiria mara mbili utakufa na payslipu. Mimi sijapimwa lakini najijua, na hiyo moto ndio imenilisha, mkianza kutuzima na tembe nani ataajiri watoto wenu?

Sista_Donholm

@Omoka_Leo sikukatalii nusu. Hata watafiti wa Uholanzi 2015 walikuta wanafunzi wa chuo wenye tabia za ADHD walikuwa na nia zaidi ya kujiajiri. Lakini nia. Nia ndugu yangu anayo ya kugawia kata nzima. Alifungua duka la viatu vya mitumba, akaleta mzigo wa kwanza ukaisha, moto kweli kweli, halafu wiki ya kuhesabu hisa na kufuatilia wadeni ikafika na akaona kuna mtu anauza mashine ya kukaanga chipsi. Kuanzisha kitu anajua kuliko wewe na mimi. Mwenye bahati kama wewe huwa ana mtu nyuma anaandika kwa kitabu, na naomba ukijibu utuambie yako ni nani, juu nina hakika yupo.

Omoka_Leo

Ni dadangu. Sawa nimenyamaza.

KimyaKimya

Nimefuatilia huu uzi tangu asubuhi na nasita kuandika. Mimi ni mwanamke, sijawahi kubeti hata shilingi, nduthi napanda nikiwa nimefunga macho. Nilipimwa ya aina ya kutokuwa makini, ile kimya, hakuna mtu alishuku juu nilikuwa naketi nyuma nikiota mchana. Mkiongea hatari mnaongea wanaume wanaorukia vitu. Mimi yangu ni kinyume, siamui. Ritani za ushuru za KRA zinafunguliwa Januari na zinafungwa Juni 30, kila mwaka najua, kila mwaka nalipa faini ya 2,000 kwa kitu kinachukua dakika chache. Kidonda kwa titi nilikaa nacho miezi nikiogopa foleni ya hospitali, si ugonjwa, foleni. Kilikuwa si kitu, asante Mungu, lakini kingekuwa? Sasa hiyo si hatari pia? Na hakuna mtu aliwahi kuniambia nipunguze kuthubutu.

Sista_Donholm

Dada asante kwa kuandika, na pole. Ni hatari, na kubwa. Wewe na ndugu yangu mnakimbia kitu kimoja mkielekea pande tofauti, yeye anaruka ili kungoja kuishe, wewe hauanzi ili kungoja kusianze.

Na kuna kitu kinakuunga mkono. Mwaka ule ule wa 2016 Yehuda Pollak na wenzake walichezesha vijana mchezo ambapo saa zingine chaguo la kuthubutu ndilo bora na saa zingine la kujikinga ndilo bora, sawasawa. Kama watu wa ADHD wangekuwa wanapenda hatari tu, wangebebwa na kuthubutu kila mara. Haikuwa hivyo. Walikuwa wanachagua lililo baya mara nyingi kuliko wenzao, hata pale baya lilikuwa ni kujikinga. Yaani shida iko kwa kupima, kushika vitu vitatu kichwani kwa wakati mmoja, uwezekano ni gani na nitapata ngapi na nitapoteza ngapi, na kukaa navyo mpaka jibu litoke. Kukaa navyo. Tunarudi kwa kungoja tena, hata sikupanga.

Mhasibu_wa_Chama

Mimi si daktari, nafanya kazi kwa sacco, chama cha akiba na mikopo, lakini nimeona kitu cha kuongeza. Watu wanalalamika akiba ya sacco haitoki haraka, mpaka ujiondoe uanachama na notisi ya siku 60 hivi. Kuna mwanachama wetu mmoja, kijana wa kelele sana, aliniambia wazi yeye anapenda sacco kwa sababu hiyo. Anasema kwa simu pesa iko uchi. Anaomba mwajiri wake akate kabla haijafika kwa mkono wake. Nilidhani ni utani, kumbe ni mtu amejipangia.

Lakini kuna mlango mwingine uko wazi na hakuna anayeuongelea, udhamini wa mikopo. Hao watu wa ADHD wanaweka sahihi! Unamkuta kwa korido, rafiki wa rafiki, fomu iko tayari, anaweka sahihi akiwa amesimama na ametabasamu, ni sekunde tano na amemsaidia mtu, raha. Mkopaji akitoroka miaka miwili baadaye, akiba yake inakatwa. Nikiwa na uwezo ningepitisha sheria fomu ya mdhamini ichukuliwe leo irudishwe baada ya siku tatu, kwa kila mtu. Ingewauma wote lakini ingewaokoa hao zaidi.

Baba_Tisa

Hii ya mdhamini imenifikia. Endeleeni.

Nduthi_na_Mungu

Hehe Mzee amekaa kwa kiti.

Sista_Donholm

@Mhasibu_wa_Chama hapo umefika mahali nilikuwa naelekea. Kwa kuwa wengi mmeuliza inboksi tunafanya nini nyumbani, niseme, na sisemi imefaulu yote.

Kwanza tuliacha kubishana na yeye wakati moto umewaka. Ukimwambia hapana pale pale, hiyo hapana inakuwa hatari mpya ya kushinda. Mke wake siku hizi anasema "sawa, Alhamisi", basi. Kitu chochote cha zaidi ya elfu tano kinangoja Alhamisi. Kufika Alhamisi nyingi zimekufa zenyewe, na chache zimebaki na zilikuwa nzuri, ile ya chipsi kwa mfano inaendelea na inalipa. Hii watu wanakosea, wanadhani lengo ni kumzuia. Ukizuia yote atajificha, na akijificha umepoteza hata zile nzuri.

Ya pili tulitoa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwa laini yake, akatoa mwenyewe, sikushika simu. Na kodi na karo zinatoka siku mshahara umeingia, kabla ya saa nne, yeye akiwa kazini. Apu za kubeti alifuta, akarudisha, akafuta, na sasa anazirudisha mara chache, sitawadanganya kwamba ziliisha. Mnakumbuka 2025 serikali ilipositisha matangazo ya kubeti kwa siku 30, ule mwezi nyumbani kulikuwa na utulivu sijawahi kuona, hakuna kilichobadilika kichwani mwake, ila redio ilinyamaza. Nikaanza kuuliza ni nani kati ya hao wawili alikuwa mgonjwa.

Ya tatu ni dawa, anapata kwa daktari wa akili, na ninachoweza kusema ni kwamba haimfanyi awe mzito kama vile watu wanahofia. Anasema ni kama kuna nafasi ya kidole kimoja kati ya wazo na mkono. Asubuhi mpaka alasiri. Ikishuka jioni ndio tunakuwa macho, ndio maana barua za kuacha kazi zilikuwa za usiku.

Omoka_Leo

Hizo dawa si naweza tu kununua kwa mtu? Kuna msee wa chuo anauza kwa tembe moja moja.

Nesi_wa_Zamu

Usithubutu. Methylphenidate, moja ya hizo dawa za ADHD, iko chini ya udhibiti wa kimataifa, inataka karatasi ya daktari, na kabla ya kuandikiwa lazima upimwe presha na moyo na uulizwe hiyo maneno ya mania niliyosema juu, kwa sababu ukiwa nayo na upewe hii unaweza kuwaka moto vibaya. Na hiyo ya msee wa chuo hujui hata ni nini. Wewe nenda na dadako.

KimyaKimya

Na mtu akitaka kuanza anaanzia wapi? Mimi nilipimwa nje nikiwa huko kwa masomo, karatasi zimepotea, daktari hapa anataka nianze upya.

Nesi_wa_Zamu

Hospitali ya Mathari wanaona watu, KNH, yaani Kenyatta, wako na idara ya akili, na kuna madaktari binafsi mjini kama mfuko unaruhusu. Usiende mikono mitupu. Kwa sababu lazima ionekane ilikuwepo utotoni, beba ripoti fomu za praimari. Si maksi, maksi hazisemi kitu, wengi wenu mlikuwa mnapita. Beba yale maneno ya mwalimu chini. "Ana uwezo lakini hamalizi kazi." "Anaongea sana." "Aache kuota." Daktari akiona hiyo tangu darasa la pili mpaka la saba, mwandiko wa walimu tofauti, kazi yake imekuwa rahisi.

Nduthi_na_Mungu

Zangu zililiwa na mchwa Busia. Nilimbeba mama. Daktari aliuliza swali moja, mama akajibu dakika arobaini.

KimyaKimya

Mama yangu yuko Mwingi na hapendi Nairobi.

Nesi_wa_Zamu

Hata kwa simu wengi wanakubali. Mwambie tu daktari atapiga, asishtuke na namba ngeni.

KimyaKimya

Sawa sister, asante sana. Nitamwambia kesho.

Nesi_wa_Zamu

Si kesho. Ni saa mbili usiku, bado hajalala. Mpigie sasa halafu urudi hapa utuandikie "tayari".

Baba_Tisa

Tunangoja.

KimyaKimya

Tayari. Anauliza kama daktari anajua Kikamba.